Studio Ndani ya Laptopu: Programu za Kurekodia Muziki Zinatupa Nini, Zinatunyima Nini?

Mwaka 1991 kampuni ya Digidesign ya Marekani ilitoa mfumo wa kurekodia ulioitwa Pro Tools. Ulikuwa na treki nne tu, na bei yake ilikuwa karibu dola 6,000. Leo kijana mwenye laptopu ya mtumba anapakua programu yenye treki nyingi kuliko atakavyoweza kuzijaza, anaipata bure au kwa bei ya viatu, na usiku huohuo anarekodi wimbo. Hayo ni mapinduzi, hakuna ubishi.

Lakini swali linabaki. Kama kila mtu sasa ana studio, mbona rekodi nyingi za nyumbani bado zinasikika kama zimefanyiwa bafuni? Na zile zilizo safi kabisa, mbona nyingi zinafanana kama mapacha? Jibu la mtaani ni moja: "Tafuta programu kali zaidi." Makala hii inapinga jibu hilo. Tunasema hivi: upande wa hesabu, programu hizi zilishamaliza kazi zamani. Udhaifu wake uko mahali pasipoonekana kwenye skrini, yaani kwenye muda, kwenye chumba, na kwenye mazoea ya muziki ambayo waliozitengeneza waliyachukulia kuwa ndiyo kawaida ya dunia nzima.

Kwanza, hesabu

Maiki inageuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Saundi kadi inaupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Kwenye CD vipimo ni 44,100 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu kuna kanuni ya kihisabati, inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon, inayosema kwamba ukipima kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaoutaka, unaupata wote bila kupoteza kitu. Sikio la binadamu, tena la kijana, linaishia kama Hz 20,000. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Tumevuka.

Hapa kuna imani potofu ya kuondoa. Watu wengi hudhani sauti ya kidijitali ni "ngazi ngazi", na kwamba vipande vya katikati vimepotea. Sivyo. Kati ya vipimo hivyo kuna mstari mmoja tu laini unaoweza kupita bila kuvuka mpaka wa Hz 22,050, na saundi kadi ndio inaouchora upya wakati wa kucheza. Ngazi unazoziona ukivuta picha ya wimbi ni mchoro wa skrini.

Kila kipimo kinaandikwa kwa biti kadhaa (biti za kompyuta, siyo zile anazokuuzia prodyuza). Kila biti moja inaongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Biti 16 zinatoa kama desibeli 96, biti 24 zinatoa 144. Hakuna maiki wala chumba cha nyumbani kinachofikia kiwango hicho. Maana yake kwako ni hii: ukirekodi kwa biti 24, usihangaike kupandisha sauti hadi taa iguse nyekundu. Acha nafasi ya desibeli 12 au hata 18. Ndani ya programu hesabu hufanywa kwa namba zenye nafasi kubwa mno, kwa hiyo sauti iliyorekodiwa chini utaipandisha baadaye bila shida. Ila ikipasuka pale kwenye saundi kadi, kabla programu haijaiona, imepasuka moja kwa moja.

Sasa lile bishano la "programu fulani ina sauti tamu zaidi". Unaweza kulimaliza mwenyewe leo. Chukua faili moja la WAV, liingize kwenye programu mbili tofauti, usiguse kitu chochote, kisha litoe tena kwa kila programu kwa kasi ileile na biti zilezile. Weka matokeo mawili pamoja, geuza moja juu chini, yacheze kwa wakati mmoja. Kama yanafanana, yatafutana, nawe utabaki na ukimya, au kelele ndogo mno isiyosikika. Ukikuta tofauti kubwa, tafuta kwanza mpangilio uliosahaulika mahali fulani. Kujumlisha ni kujumlisha, na kompyuta zote zinajua kujumlisha.

Sifa zinazostahili

Tusiwe wachoyo. Programu hizi zimetupa mambo matatu ambayo wahandisi wa enzi ya mkanda wangeyalipia kwa damu.

La kwanza ni ruhusa ya kukosea. Kwenye mkanda, ukirekodi juu ya ubeti wa jana, wa jana umekwenda. Kwenye programu ya leo unakata, unasogeza, unafuta, na rekodi ya asili inabaki kwenye diski bila kuguswa. La pili ni treki. Sauti ya treki moja, biti 24 kwa kasi ya 48,000, inakula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki kumi haufiki megabaiti 350. Flashi ya kawaida inabeba albamu nzima. La tatu ni bei, na hapa inafaa kuzitazama programu moja moja.

Audacity ni bure kabisa, na imekuwapo tangu mwaka 2000. Kwa kurekodi mahojiano, podikasti, hadithi za bibi au sauti ya mtu mmoja, inatosha na inabaki. Udhaifu wake ni kwamba kwa miaka mingi athari kama mwangwi au kompresa zilipachikwa moja kwa moja kwenye rekodi. Uwezo wa kuziwasha na kuzizima huku wimbo unacheza ulikuja na toleo la 3.2 mwaka 2022. Bado siyo chombo cha kupangia wimbo mkubwa.

FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji ikiitwa FruityLoops mwaka 1997, ndiyo mama wa biti nyingi unazozisikia kwenye daladala. Kupanga ngoma ndani yake ni raha, na ukiinunua mara moja masasisho ni bure maisha yote. Ila ilianza kama mashine ya kupangia biti, na damu hiyo bado inaonekana: anayetaka kurekodi bendi ya watu sita atahisi anaendesha bajaji kwenye barabara kuu. Toleo la majaribio nalo lina mtego wake. Linakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipie.

Reaper ni ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo yenye uwiano bora wa bei na uwezo kwa mwanafunzi. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kisakinishi chake ni kidogo, na laptopu za zamani zinaiweza. Kasoro yake? Sura. Ukiifungua mara ya kwanza inakutazama kama fomu ya kodi. Haina biti wala vinanda vya kukushawishi, kwa hiyo wengi huikimbia ndani ya dakika kumi.

Mwenye Mac anayo GarageBand bila kulipa, na inatosha kuliko anavyodhani.

Kuhusu zile programu "zilizovunjwa" zinazozunguka kwenye flashi: tuache maadili kwa dakika moja tuongee usalama. Unampa ruhusa zote za kompyuta yako mtu usiyemjua, kwenye mashine ileile yenye tasnifu yako. Ukiwa na njia mbadala ya bure na nyingine ya dola 60, hesabu hiyo haikubali.

Kasoro ya kwanza: muda

Msanii anaimba, na anataka kujisikia kwenye hedifoni. Sauti inaingia kwenye saundi kadi, inasubiri kwenye bafa, programu inaichakata, inasubiri tena kwenye bafa ya kutokea, ndipo inafika sikioni. Bafa ni kama daladala: haiondoki mpaka ijae. Ukiiweka kwenye sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100, kila safari inachukua takriban milisekunde 23, na kwenda na kurudi ni 46. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni sawa na kujisikia kutoka kwa spika iliyo mita 16 mbele yako. Jaribu kuimba hivyo uone. Utaburuza mdundo bila kujijua, na jirani atasema hujui kuimba.

Punguza bafa hadi sampuli 128 na safari nzima inashuka hadi kama milisekunde 6, ukiacha muda mdogo wa saundi kadi yenyewe. Umbali wake ni mita mbili, na hapo mtu anaimba kwa amani. Lakini sasa daladala zinaondoka mara nane zaidi, na laptopu dhaifu inashindwa kuzifuata. Unaanza kusikia pa! pa! za kukatika sauti.

Kwenye Windows tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu njia ya kawaida ya sauti haikujengwa kwa ajili ya wanamuziki. Steinberg walibuni njia ya mkato iitwayo ASIO, lakini kwa miaka mingi matoleo rasmi ya Audacity hayakuwa nayo kwa sababu ya masharti ya leseni. Ukweli ambao matangazo hayausemi ni kwamba dawa bora haiko kwenye programu kabisa. Tafuta saundi kadi ya nje inayompelekea mwimbaji sauti yake moja kwa moja kwenye hedifoni, kabla haijapita kwenye kompyuta. Ya bei ndogo tu inatosha.

Kasoro ya pili: programu haina macho ya kuona chumba

Chumba cha kawaida cha kwetu kina kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae au saruji, na juu bati au jipsamu. Kwa sauti, hicho ni chumba cha vioo. Maiki inarekodi sauti yako pamoja na mwangwi wa kila ukuta, na zikishachanganyika kwenye namba, kuzitenganisha ni kama kutoa chumvi kwenye mchuzi. Plagini za kupunguza mwangwi zipo, lakini nyingi zinaacha sauti ikiwa kama ya mtu aliyefungwa ndani ya debe. Kompresa inazidisha tatizo: inabana sauti kubwa, kisha ukiinua vyote, mwangwi nao unapanda.

Kuondoa kelele vilevile kuna mpaka. Kifaa cha Audacity hujifunza sura ya kelele kutoka kwenye kipande cha ukimya, kisha kinaipunguza kote. Kwa feni au friji, ambayo inaguruma vilevile muda wote, kinafanya kazi vizuri. Kwa jogoo, bodaboda na mvua ya ghafla juu ya bati, hakina msaada, kwa sababu kelele hizo hazikukaa zikajulikana.

Na zile trei za mayai ukutani? Fizikia haiziungi mkono. Ili kitu laini kinyonye mtikisiko vizuri, unene wake unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi. Kwa Hz 1,000 hiyo ni karibu sentimita 9. Kwa Hz 100 ni sentimita 86. Trei ya karatasi yenye kina cha sentimita chache inagusa sauti za juu tu, na hata hizo kidogo. Besi inapita kama haijaona mtu. Tena chumba chenye mita tatu kila upande kina mngurumo wake wa asili kwenye kama Hz 57, mahali ambapo besi inajaa sehemu moja na kupotea sehemu nyingine. Ukikaa pale inapopotea utaongeza besi kwenye miksi, halafu wimbo ukichezwa kwenye gari, vioo vinatetemeka. Utailaumu programu bure.

Dawa ni za kizamani. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji. Kabati lililojaa nguo. Blanketi nzito lililoachwa nafasi kidogo kutoka ukutani. Na zaidi ya yote, sogea. Ukitoka sentimita 40 hadi 10 kutoka kwenye maiki, sauti yako inayofika moja kwa moja inapanda kama desibeli 12, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu palepale. Weka kichujio cha pumzi, hata kama ni soksi nyepesi iliyovutwa kwenye duara la waya, ili "pa" na "ba" zisipige maiki. Hakuna plagini ya dola 200 itakayokupa faida hiyo.

Kasoro ya tatu: gridi inayofundisha

Hii ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa sababu haionekani kama kasoro.

Ukifungua programu nyingi, mradi mpya unaanza na midundo 120 kwa dakika, 4/4, na kinanda chenye noti 12 zilizogawanywa sawasawa. Hakuna anayekulazimisha, lakini mpangilio wa mwanzo ni mwalimu mkimya. Kwenye kasi hiyo, gridi ya kumi na sita ina hatua za milisekunde 125. Mpiga ngoma anayechelewesha pigo kwa milisekunde 20 kwa makusudi, ili mdundo ulegee kidogo, programu inamwona kama mkosaji. Bonyeza kitufe cha kunyoosha, na pigo linavutwa mstarini. Ngoma zenye tatu dhidi ya mbili zinaweza kuandikwa, ndiyo, lakini lazima uanze kwa kupinga kila ilichokuwekea programu.

Kwenye noti ni zaidi. Taarab ya Zanzibar imebeba maqam za Kiarabu, na baadhi yake, kama Rast na Bayati, zina noti zinazokaa katikati ya nusu toni mbili. Tukigawa nusu toni moja kuwa senti 100, noti ya tatu ya Rast iko karibu na senti 350. Mpiga fidla anaifikia kwa kidole, mpiga ganuni kwa vile vikonyo vidogo pembeni ya nyuzi. Kinanda cha programu kina 300 na 400 tu. Na ukipitisha sauti ya mwimbaji kwenye Auto-Tune kwa mpangilio wa kawaida, itaichukua noti iliyo sahihi kabisa na "kuirekebisha" hadi iwe kosa.

Inafaa kujua kwamba Auto-Tune ya mwaka 1997 ilitoka kwa Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichakata mitikisiko ya ardhi kwa kampuni za kutafuta mafuta. Hesabu zake ni za ajabu: zinalinganisha wimbi na nakala yake lenyewe iliyocheleweshwa ili kujua linajirudia kila baada ya muda gani. Hesabu hizo hazina ubaguzi, zinaona 350 vizuri tu. Orodha ya noti zinazoruhusiwa ndiyo yenye ubaguzi.

Tuwe waadilifu: kompyuta haikuanzisha hili. Taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ilikwisha kuhamia kwenye vinanda vya umeme. Na watengenezaji wameanza kusikia. Ableton Live 12 ya mwaka 2024 imeweka mifumo tofauti ya noti ndani yake. Pia kuna ushahidi wa kinyume, tena kutoka hapahapa. Prodyuza wa singeli Dar es Salaam walichukua programu hizihizi kwenye kompyuta za kawaida, wakapandisha mwendo kupita midundo 200 kwa dakika, wakakata vipande vya muziki wa zamani na kuvikimbiza, mpaka lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa Sounds of Sisso mwaka 2017 na dunia ikageuza shingo. Gridi ilikuwepo, nao wakaikimbiza mpaka ikasahau ilitoka wapi. Kwa hiyo programu si jela. Ila mlango wake haufunguki wenyewe.

Kasoro ya nne: faili litafunguka baada ya miaka mingapi?

Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nyingi za dansi kwenye mikanda, na mikanda hiyo leo ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa. Kazi hiyo sasa inafanyika vyumbani mwetu. Rekodi ya babu anayepiga zeze, ukiifanya wewe Jumamosi hii, huenda ikawa ndiyo pekee itakayobaki.

Sasa mradi wa FL Studio unahitaji FL Studio, tena na plagini zilezile. Mradi wa programu inayolipiwa kila mwezi unahitaji mwezi uliolipiwa. Reaper huandika mradi wake kama maandishi ya kawaida unayoweza kuyafungua hata kwa Notepad, na hilo ni jambo la kusifiwa, ingawa nalo halikuokoi plagini ikitoweka. Salama zaidi ni WAV, muundo uliotoka 1991, mwaka uleule wa Pro Tools ya kwanza, na hadi leo unafunguka kila mahali. Kila kazi ikiisha, toa kila treki peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri, andika jina la mpigaji, mahali na tarehe, kisha weka nakala sehemu mbili. Washa pia hifadhi ya kujiendesha ya kila dakika chache. Umeme haupigi hodi unapokatika.

Hukumu yetu

Kama unarekodi maneno, tumia Audacity. Kama unatengeneza biti, FL Studio, na ulipie. Kama unarekodi watu wenye vyombo, Reaper. Baada ya hapo acha kubishana kuhusu programu. Hela inayobaki iende kwenye saundi kadi, maiki na godoro.

Lakini kabla hujabonyeza kitufe chekundu, fanya jambo moja: msikilize aliye mbele yako mwanzo hadi mwisho, kompyuta ikiwa imefungwa. Mdundo wake uko wapi? Noti zake zinakaa wapi? Ukishayajua hayo, zima kliki kama haimfai, zima kunyoosha, badili 4/4. Programu itatii. Ilichokuwa inakosa ni mtu wa kuiambia.